Kitanda cha Upepo

Nilipokuwa mtoto kule Masisi, niliona manjanja, yale mabati ya paa letu, yakiruka kama makaratasi, yakaenda kutua katika maharagwe ya jirani. Koko alikuwa ametuonya.

Koko, mama wa baba yangu, alikuwa na sheria moja: muti muzee wa njiani haukatwi mpaka mwana wake, muti mdogo uliopandwa pembeni, ufikie dirisha ya nyumba. Ukiukata mapema, upepo uliozoea kulala katika matawi yake unakosa kitanda, unakuja kulala kwako.

Baba alikuwa mtu wa haraka. Grevilea, muti muzee uliosimama mbele ya nyumba yetu, ulikuwa unaoza, naye alitaka mbao zake kabla ya mvua. Koko akamwambia mara moja tu: "Panda kwanza, ndio ukate."

Baba akacheka, akakata. Mvua ilipokuja na upepo, paa likaenda, tukalala chini ya majani ya migomba, sisi watoto, mbuzi, na huyo baba mwenye akili nyingi.  Asubuhi Koko alienda kutafuta mche.

Leo koko ni mimi, na miti ya avenue yetu, njia ya mtaa wetu, imechoka. Juzi tawi moja lilivunja jiko la Mama Furaha, muuza maziwa. Chef wa avenue, mkubwa wa mtaa, akatangaza kwamba salongo, ile kazi ya wote, itaangusha miti yote, miche tutaitafuta baadaye. Baadaye ya chef ninaijua. Bomba la maji alilotuahidi bado linakuja.

Siku ya salongo niliwakuta wanaume wamekwisha kufunga kamba kwenye muti wa mbele ya nyumba yangu. Nikachukua jembe, nikaanza kuchimba shimo la mche palepale muti ungeangukia.

"Koko, toka. Utakufa hapa," chef akapaza sauti.

"Shimo ya mche ao shimo yangu, chef, moja utachimba leo."

Mama Furaha, mwenye jiko lililovunjika, ndiye aliyecheka wa kwanza. Kisha akaleta jembe lake. Siku ile yakakatwa matawi makavu tu, na kila muti muzee ukapata mwana pembeni.

Mbuzi wamekula baadhi ya miche. Nimepanda tena, nikazungushia miiba. Kama upepo unalala, sijui. Ninajua kilima chetu hakina kingine cha kuuzuia ila miti, na koko wangu alijua kwamba mtoto akiambiwa habari ya upepo anasahau, lakini hasahau kitanda chake.

Chef akipita ananiuliza, kwa kejeli, miche imefika wapi.

"Magotini," ninamjibu. "Dirisha ingali mbali, na mimi sina haraka."