Mke Wangu Alipojifunza Kikurya

Miaka ile ya dhahabu nilikuwa nachimba Nyangoto, na nyumbani Nkende nilimwacha mama yangu na mke wangu. Mama alikuwa ameanza kusahau: kwanza sufuria motoni, baadaye majina yetu. Daktari alituambia ni ugonjwa wa Alzheimer, unaokula kumbukumbu polepole. Kisha Kiswahili chake, alichojifunza ukubwani akiuza ndizi sokoni, kikaanza kumtoka. Kikabaki Kikurya cha utotoni.

Mke wangu ni Mjaluo. Miaka yote walikuwa wakielewana kwa Kiswahili. Sasa akimwambia, "Mama, njoo ule," mama anamtazama kama mgeni aliyekosea nyumba, na sahani anaisukuma.

Siku moja mke wangu alipokuwa anamwosha miguu, mama alimshika shavu akamwita, "Baba." Mke wangu aliumia. Alidhani amefananishwa na mwanamume. Jirani yetu, mama mmoja wa Kikurya aliyekuja kusalimia, akacheka.

"Mwenzangu, kwetu 'baba' ni mama. Amekuita mama yake."

Mke wangu alilia kidogo, kisha akaamua kujifunza. Akawa anakwenda kwa yule jirani, wanachambua mboga huku anauliza: maji mnaitaje? Njaa je? Unaumwa wapi? Anarudi na maneno mdomoni, anayarudiarudia njiani yasimponyoke.

Ajabu ni kwamba mama, ambaye hakujua hata kama ni asubuhi au jioni, alikuwa anamsahihisha. Mke wangu akikosea kutamka, mama anatikisa kichwa, analisema neno taratibu, anasubiri. Akipatia, anampigia makofi. Na chakula akaanza kula.

Jumamosi moja nilirudi na vumbi la shimoni mwilini, nikawakuta uani wanapukuchua mahindi, wanacheka.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Mama alimgeukia mke wangu, akamwuliza kwa Kikurya mimi ni nani.

"Ni mwanao," mke wangu akajibu, kwa Kikurya hichohicho. "Ametoka kuchimba dhahabu."

Mama alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Huyu amechoka," akasema. "Mpe uji."

Niliunywa nimesimama, nawasikiliza. Mke wangu alikuwa anatumia maneno ya kizamani ambayo mimi, Mkurya wa kuzaliwa, nilikuwa nimeacha kuyasema.