Mwendesha Lifti Aliyepanda kwa Miguu

Simu ilipoita, mshonaji wa mapazia alikuwa juu ya ngazi sebuleni kwa mteja, pini zimebanwa midomoni, mikono yote miwili imeshika kitambaa kizito kama mtoto aliyelala. Akaiacha iite. Ikanyamaza, ikaita tena. Hapo akatema pini kiganjani, moja moja, maana pini hazina mchezo, akaitoa simu mfukoni mwa aproni. Alikuwa jirani wa kaka yake, yule mama wa chumba cha chini.

"Uko wapi, dada?"

"Kazini. Niko juu ya ngazi."

"Shuka kwanza."

Kabla mguu wa pili haujagusa zulia, alikwisha kujua, kwa sababu mama yule si mtu wa kungoja. Siku zote huanza habari yake kabla hujaitikia salamu. Kaka yake alikutwa ameketi kwenye kiti karibu na dirisha, buti tayari miguuni, chai imepoa pembeni. Daktari alisema mshipa umepasuka kichwani, na kwamba huenda hakusikia maumivu yoyote. Mshonaji akasema, "Mungu wangu," kwa sauti ndogo, kisha akamwomba mwenye nyumba maji ya kunywa.

Jioni ndugu walikutana kwa kaka mkubwa. Huyu alisimamia ghala hadi kustaafu, na mpaka leo ukimkabidhi jambo, utalikuta limepangwa kwenye rafu yake kabla hujafika nyumbani. Jeneza alikwisha kulichagua. Mchungaji alikwisha kumpigia. Limebaki kaburi.

Makaburi ya mji ule yako kwenye mteremko wa kilima. Nafasi zilikuwa mbili: ya chini, karibu na lango, gari linafika mpaka shimoni; na ya juu kabisa, isiyofikika ila kwa kijia, inayotazamana na milima. Kaka mkubwa alikwisha kuamua ya chini. Mshonaji alitaka ya juu, na alijua kwamba asipolisema usiku huo, asubuhi wachimbaji wangeanza kazi.

"Ya juu?" kaka mkubwa akashangaa. "Kwa barafu hii? Jamaa mwenyewe maisha yake yote alipanda amekaa. Hata ngazi zangu hizi hapa alikuwa anazilaumu. Tukavunjike miguu ili iweje?"

"Alipanda," mshonaji akasema.

"Alipanda nini?"

"Mlima. Kwa miguu yake. Likizo hii iliyopita."

Wifi yake akaacha kumimina chai, birika likiwa hewani. "Shemeji yangu huyu? Bwana Ghorofa?"

"Huyo huyo."

"Na mimi niko hapa sina habari," kaka mkubwa akasema, kama mtu aliyesikia mzigo umetoka ghalani bila sahihi yake.

"Alitaka akuambie mwenyewe Jumapili. Alinikataza nisimharibie."

"Basi sema wewe."

Akaanza. Mwanzoni sauti ilikuwa ya msibani, ya chini, lakini habari yenyewe haikukubali kusimuliwa hivyo. Kabla hajafika mbali alikuwa amesogea ukingoni mwa kiti, mikono inaonyesha miamba ilipo.

Kaka yao alikuwa mwendesha lifti katika jengo refu kuliko yote mjini. Lifti ilikuwa ya zamani, ya mlango wa chuma unaokunjwa na mkono wa shaba, haiendi bila mtu wake. Alikaa kwenye kigoda akiwapa abiria mgongo, akitangaza kila ghorofa kwa sauti ya mtu wa redio: "Ya tatu, bima, madai ya magari na madai ya moto. Ya nne, wakubwa, fungeni vifungo." Watu walicheka kila siku kana kwamba ndiyo kwanza wanasikia. Jina la Bwana Ghorofa lilimpata hukohuko, likamfuata hadi nyumbani.

Ghorofa ya mwisho ilikuwa na dirisha kubwa mkabala na lifti. Mlango ukifunguka, milima hiyo hapo, na wakati wa baridi ina theluji utosini. Abiria anatoka, mlango unafungwa, milima imekwenda. Mwendeshaji haruhusiwi kuiacha lifti yake, hivyo alipewa milima kwa vipande tu, kama mtu anayeonjeshwa mchuzi kwa ncha ya kijiko. Mwaka uliopita jengo likaweka lifti za vitufe, wakampa mkono na saa ya ukutani, akaenda nyumbani.

Mshonaji alikuwa ameshonea mapazia nyumba moja ya wageni chini ya milima ileile. Mwenye nyumba alimwambia kwamba msimu wa baridi vyumba vinalala vitupu, aje na mtu wake wapumzike.

"Mtu wangu ni kaka yangu," akajibu, na mwenye nyumba akacheka akatandika vyumba viwili.

Bwana Ghorofa akanunua buti. Akazivaa ndani ya nyumba juma zima ili zilainike, mpaka mama wa chini akagonga dari kwa ufagio akiuliza kama amefuga farasi.

Siku ya kwanza waliyokwenda kutembea ilikuwa ya kuonja tu, hadi maporomoko madogo nyuma ya mashamba. Kiongozi wa njia alikuwa binti mwembamba mwenye kofia ya sufu iliyoshuka hadi kwenye nyusi, aliyetembea kama anachelewa mahali. Walikuwa kundi dogo, wengine wote vijana. Wamefika mahali fulani, binti akahesabu vichwa, kimoja kikakosekana. Mshonaji akarudi mbio. Akamkuta kaka yake kwenye lango la ua wa mifugo, amelishikilia wazi kwa mkono mmoja, na darasa zima la watoto wa shule linapita mbele yake, mmoja mmoja.

"Unafanya nini hapa?"

"Nangoja watoke wote."

"Hawa si wetu!"

"Mlango ni mlango," akasema, na hakuuachia hadi mwalimu wa mwisho alipopita.

Sebuleni, kaka mkubwa alicheka kupitia puani, kisha akakumbuka ni msiba, akakohoa.

Siku ya pili walikwenda maporomoko ya kati, yale ambayo mtu huweza kupita nyuma ya maji. Hapo ndipo Bwana Ghorofa alipopata sauti yake. Kila waliposimama kuvuta pumzi, alitangaza. "Ghorofa ya pili: matope, mawe ya kuteleza, na mshonaji anayelalamika." Vijana wakaanza kumngoja asimame ndipo na wao wasimame. Walipoingia nyuma ya pazia la maji, kelele ikameza kila kitu, wakawa wanaona midomo ya wenzao ikienda tu. Bwana Ghorofa alinyoosha kiganja akayapiga maji kofi dogo, kama mtu anayemsalimia ng'ombe. Wakatoka upande wa pili wamelowa, meno yanagongana, na hakuna aliyetaka kurudi nyumbani.

"Kesho juu kabisa," binti akasema. Kisha akamtazama Bwana Ghorofa. "Babu, kesho pana ngazi za mwamba."

"Babu yako umemwacha nyumbani, binti. Mimi ni abiria."

Asubuhi ya tatu nyasi zilikuwa nyeupe, kila jani limevaa barafu, na buti zilivunja njia kama mtu anayekanyaga sukari. Mbingu ilikuwa tupu kabisa. Binti alisema saa za mchana wingu huja likafunika kila kitu, kwa hiyo hakuna kulegea. Waliomba kwa ufupi mlangoni, kama walivyofundishwa na mama yao kabla ya safari yoyote, wakaondoka.

Msitu ulikuwa wa miti mirefu yenye majani kama sindano, baridi imetulia chini yake kama maji kisimani. Waliusikia mporomoko kabla ya kuuona: kwanza kama upepo, halafu kama magari, halafu wakausikia vifuani kabisa. Mshonaji alijikuta anaongeza mwendo bila kutaka. Alikuwa mtu mzima, anayeitwa bibi na wajukuu wa ndugu zake, na alitaka kukimbia.

Kisha zikaja ngazi. Zilichongwa ubavuni mwa jabali, mnyororo umepigiliwa pembeni pa kushika, na barafu nyembamba iking'aa juu ya kila jiwe. Vijana wakapanda. Bwana Ghorofa akapanda kidogo, akasimama. Akapanda tena kidogo, akaushika mnyororo kwa mikono yote miwili, akaegemea jabali. Pembeni palikuwa na kibanda cha kujikinga na mvua. Binti akashuka hadi kwao.

"Mzee wangu, kaa hapa. Kuna benchi. Tukirudi tunakuchukua."

Mshonaji alifungua mdomo akubali, maana aliogopa. Kaka yake akamgeukia. Hakuwa na hasira. Jasho lilikuwa linamtoka chini ya kofia.

"Mdogo wangu, watu wote wa jengo lile nimewapeleka juu mimi. Mawakili, wafagiaji, wasichana wa chai. Wote walitoka wakaona. Mimi nikafunga mlango nikashuka. Usiniweke kwenye benchi."

Mshonaji akamtazama binti. "Tutakwenda polepole," akasema. "Mimi nitakuwa nyuma yake."

"Na akiteleza?"

"Ataniangukia mimi. Mimi ni mnene."

Binti akatikisa kichwa, lakini akatangulia, na safari hii hakutembea kama anayechelewa. Alikuwa akigonga barafu kwa kisigino kila jiwe, anavunja, ndipo anamwambia, weka hapa. Akaweka hapo. Mnyororo ulikuwa wa baridi kiasi cha kunasa glavu. Mshonaji aliyekuwa nyuma hakuona mlima wala anga, aliona soli za buti mpya tu, zikipanda, zikitulia, zikipanda, na aliomba kwa kila soli. Juu vijana walikuwa wamejipanga ukingoni wanatazama chini, na mmoja wao, kijana mtundu kuliko wote, akapiga kelele: "Ghorofa ya ngapi hiyo, mzee?"

"Hesabu wewe," Bwana Ghorofa akajibu akihema, "mimi niko likizo."

Wakamvuta mikono, akatokea juu.

Maporomoko yalikuwa mbele yao, marefu, yanaanguka kutoka kwenye ufa wa mwamba kama kitu kinachomwagwa bila kwisha. Pembeni maji yaliganda njiani, yakaning'inia kwa vijiti vya kioo vinene kama mapaja, na jua lilipovipiga vikawaka. Manyunyu yaligeuka barafu kwenye nyusi zao. Mshonaji alipiga kelele, hata hajui alisema nini. Kaka yake alivua kofia. Alisimama na upara wake kwenye manyunyu yale, anacheka mdomo wazi, akasema, "Asante, Baba," mara moja, kisha akairudia kwa sauti kubwa zaidi kwa sababu maji yalikuwa yanamshinda.

Walipogeuka nyuma, milima yote ilikuwa wazi, safu baada ya safu, weupe juu ya weupe, na upande wa pili, bondeni, mji. Alilitafuta jengo lake muda mrefu akikinga macho. Halafu akamshika dada yake mkono.

"Lile pale. Kile kijiti."

"Kipi?"

"Kile kirefu. Nilikuwa mle ndani." Akalitazama tena. "Dogo, jamani. Na nilikuwa nalitangaza."

Hakuna aliyeweza kumtoa pale. Vijana walikula mikate yao, wakapiga picha, wakaanza kushuka, naye amesimama tu, hakuna mlango wa kufunga. Wingu lilipoanza kuja bado alikuwa anatazama. Lilipofunika kila kitu, akavaa kofia, akasema yuko tayari.

Sebuleni hakuna aliyekumbuka chai. Wifi alikuwa ameliweka birika chini zamani. Kaka mkubwa alikuwa ameegemea mbele, viwiko juu ya magoti.

"Na kushuka?" akauliza.

"Alishuka kwa makalio, kaka. Njia nzima ya mawe. Tulicheka mpaka binti akatuomba tunyamaze, tusimwangushe."

Kaka mkubwa akafuta macho kwa kiganja. Kisha akauliza kwa sauti ya ghala, "Kile kijia kina upana gani? Watu wanne wanapita sambamba?"

"Wawili mbele, wawili nyuma. Nimekwenda kukipima leo mchana."

"Umepima."

"Kwa utepe wangu."

"Basi nitawapigia wachimbaji," akasema, akainuka kutafuta miwani.

Walimzika siku ya tatu, asubuhi. Gari la maiti lilisimama langoni. Kijia kilikuwa kimeganda, kaka mkubwa akawa amemwaga majivu tangu alfajiri, mwenyewe, kwa ndoo. Wabebaji walipokezana mara kadhaa. Askari wa lile jengo walikuja na sare zao na wakabeba kipande kirefu kuliko wote. Mshonaji alitembea nyuma ya jeneza. Juu palikuwa na upepo, na milima ilionekana nusu. Mchungaji alisoma, akasema maneno machache, akaomba. Wakateremsha jeneza kwa kamba. Kaka mkubwa akatupa udongo, halafu mshonaji, halafu wengine. Udongo ulikuwa mgumu, ilibidi uvunjwe kwa jembe. Waliimba nyimbo mbili wakati wachimbaji wanafukia. Kaburi lilipojaa, wakaweka maua, mchungaji akatoa baraka, na watu wakaanza kuteremka wameshikana mikono kwa sababu ya utelezi.