Afande na Jiko Lake la Mkokoteni

Afande, polisi mstaafu wa mtaa wa Kisugu, hakuligusa lile jiko kuukuu la kuchomea nyama bila kwanza kufunga vifungo vya shati. Alilikuta limetupwa, limejaa kutu, mkokoteni wake wa mbao umeliwa na mchwa. Tangu hapo kila asubuhi ni msasa na vanishi, na vishikio vya shaba akavisugua kwa dawa ya kung'arishia vifungo vya sare. Akimaliza hupitisha leso nyeupe chini ya wavu, huikagua, huguna, huanza upya. Jirani yake Perpétue, mama Mkongo, alikuwa ameahidiwa naye kuazimwa jiko hilo kwa ubatizo wa mjukuu. Siku ikafika, wageni wamejaa, mbuzi amekwisha katwakatwa, na Perpétue akaja na karai la mkaa. Afande akasimama mbele ya jiko, mikono nyuma.

"Simama hapo, mama! Hiyo makaa iko chafu."

"Makaa safi inauzwa wapi, Afande?"

"Chomea kwa mawe. Rangi yangu itaharibika."

Perpétue akatua karai, akamtazama toka kofia hadi viatu. "Sawa. Lakini askari mwenye hajaenda vita hata moja, anang'ara ya nini?"

Wageni wakaangua kicheko. Afande akaguna, akalizunguka jiko, kisha akatoa kiberiti chake mwenyewe. Koleo hakumwachia mtu. Tone la kwanza la mafuta alilifuta. La pili alilitazama tu. Jioni Perpétue alimkuta anajipangusa jasho kwa leso ileile, sasa nyeusi tititi, masizi hadi masikioni, akifoka: "Nani hapa hajakula?"