Nilivyomposa Mwanamisi kwa Simu ya Kadi

Nichekeni tu, nimestahili. Mimi ni fundi cherehani hapa Ukunda, na juzi nilikwenda kununua simu ya mkononi. Muuzaji aliniuliza kama nataka ya kulipia mwisho wa mwezi au ya kadi. Akanionya kwamba ya kadi humfaa mtu asiye na maneno mengi.

"Basi ndiyo yangu hiyo," nikamjibu, nikamweleza kwa urefu jinsi nisivyopenda maneno.

Wa kwanza kumpigia alikuwa baba yake Mwanamisi, mchumba wangu, dukani kwake Msambweni. Nilimwamkia, nikamuuliza hali ya watoto, mbuzi, mvua, na goti la mkewe. Naye akaniuliza yote hayo upya. Hatimaye nikakaza sauti: "Mzee, siwezi kumuoa Mwanamisi bila radhi yako, nami naiomba leo."

Kimya. Nikadhani machozi yamemzidi. Nikaendelea kumshukuru, kisha nikawatangazia mafundi wenzangu kwamba mkwe amelia.

Alasiri akaja shangazi yake Mwanamisi na khanga zote nilizompa mchumba wangu. Akazimwaga juu ya cherehani, mbele ya wateja.

"Umempigia kaka yangu kumwambia huwezi kumuoa Mwanamisi, kisha ukamkatia simu?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba sikufika kwenye radhi.

"Shikamoo, shangazi! Sikukata, wallahi! Kadi ndiyo iliyokwisha!"

"Iliyokwisha ni adabu yako," akasema, na mafundi wenzangu wakalia kweli, kwa kicheko.