Sabha na Mbuzi Aliyepanda Korongoni

Barga, mbuzi wa Sabha mwenye madoa, alikuwa hajarudi zizini tangu juzi, na tumbo lake lilikuwa limeshuka, karibu kuzaa. Salmani alimkanya Sabha, mama yake, kabla hata hajamaliza chai.

"Usithubutu kwenda mlimani, mama. Goti lako hilo likikuangusha huko, nani atakuokota? Nikirudi jioni nitamtafuta mwenyewe."

"Sawa, mwanangu," akasema Sabha.

Gari la maji la Salmani lilipotokomea kwenye vumbi, Sabha akajifunga kibwebwe, akatia mkate, jibini na birika mfukoni, akaenda kugonga kwa wifi yake Hamda, dada wa marehemu mumewe.

Hamda alimtazama kuanzia ushungi mpaka viatu. "Haya, tunatoroka na nani?"

"Tunamtafuta mbuzi."

"Mbuzi gani, wewe! Uso huo ni wa mwari anayekimbia mahari."

Lakini alikwisha kuchukua fimbo yake.

Sabha alizaliwa na kukulia katika magenge ya milima hiyo ya Sinai. Alianza kuchunga meno ya utoto yakiwa bado yanamtoka, na hata alipoolewa na Faraj, kaka yake Hamda, aliendelea kuchunga, mtoto mgongoni na mwingine akimshika pindo. Kisha ikaja miaka ya ukame. Mbuzi wakauzwa mmoja mmoja mpaka akabaki mama yake Barga. Wakahamia kwenye nyumba ya matofali karibu na barabara, na humo Faraj akafa. Sabha hakuwahi kuizoea nyumba ile. Alfajiri, kabla hajafumbua macho, mkono wake ulipapasa ukutani ukitafuta jiwe, ukakuta rangi ya mafuta.

Waliingia korongoni jua likiwa halijashuka kwenye kuta. Mawe mekundu yalikaribiana mpaka mbingu ikabaki kama utepe wa buluu. Nyayo zao ziligonga, zikarudi, zikagonga tena mbele yao, utadhani kuna wanawake wengine wametangulia na hawataki kungojewa. Hamda alisimulia habari za harusi, za jino lake, za mke wa jirani. Sabha alimsikia kwa mbali tu, kama mtu anayesikia mvua akiwa amelala. Mkono wake ulipita juu ya ukuta na kulitambua kila jiwe. Goti lilikuwa limenyamaza. Kwale akapuruka, na upepo mwembamba ukaleta harufu ya mnanaa wa porini. Kwa kitambo hakujua kama yeye ni bibi mwenye wajukuu au ni binti aliyechelewa kurudisha mifugo.

"Sabha! Nakuuliza mara ya tatu!"

"Ndiyo," akajibu, bila kujua amekubali nini.

Alikuwa amekubali kuoga. Mvua za mwaka ule zilijaza mabwawa ya korongoni. Bwawa la juu lilikuwa la kunywa, la chini lilikuwa la kunyweshea mifugo, na hakuna mfugo uliofika. Hamda aliangalia huku, akaangalia kule, akavua gauni la juu, akajitosa katika bwawa la chini na shumizi yake huku akipiga yowe. Sabha akamfuata. Maji yalikuwa baridi mpaka pumzi ikakatika, kisha yakawa laini. Akalala chali. Masikio yakaingia majini, ulimwengu ukanyamaza, na utepe ule wa buluu ukapita juu yake polepole, au yeye ndiye aliyekuwa akipita.

Hamda akambana mkono. "Watu!"

Sauti za wanaume zilikuwa zikishuka korongoni.

"Simama hapo hapo!" Hamda akafoka. "Rudi nyuma! Kuna wanawake!"

Sauti moja ikauliza kwa woga, "Shangazi Hamda?"

Alikuwa Juma'an, mtoto wa kaka yake Sabha, anayepeleka wageni milimani. Kule korongoni hata wifi wa shangazi ni shangazi.

"Ndiye mimi! Tena tupa macho huku uone kama hujapofuka!"

"Nimegeuka, wallahi. Na wageni nimewageuza, wanautazama ukuta. Mko wangapi?"

"Haikuhusu!"

"Shangazi Sabha naye yupo?"

"Yupo," akasema Sabha mwenyewe, kidevu majini. "Juma'an, umemwona Barga?"

"Yuko juu, kwenye bustani ya bibi. Amezaa asubuhi hii. Jike."

Hamda alicheka mpaka akameza maji. Walipokwisha kuvaa, wageni wawili wenye kofia pana wakapita wakitazama vidole vya miguu yao, na Juma'an nyuma yao akiuma midomo asicheke.

Bustani ile ilikuwa ya mama yake Sabha, nayo ilikuwa juu kabisa, korongo linapofunguka. Walifika alasiri, wakihema, Hamda akilaani kila jiwe kwa jina lake. Ukuta ulikuwa umebomoka upande mmoja, lakini mikomamanga ilikuwa hai na imewaka maua mekundu bila mtu wa kuyatazama. Chini ya mtini alilala Barga, na ubavuni mwake kitu kidogo cheusi, bado kichanga, kikisimama na kuanguka.

Sabha akakaa chini. Hakumshika. Barga alimtazama, akaendelea kucheua.

Walikunywa chai. Jua lilipogusa kilele, Hamda akajipangusa. "Haya, mbebe kwenye shela, mama yake atatufuata."

"Sishuki."

"Nini?"

"Kitoto hakijapata miguu. Na huu ukuta unataka kujengwa."

"Sabha, umerogwa? Utalala wapi? Utakula nini?"

"Pale nilipolala miaka yote. Kamwambie Salmani alete unga na blanketi."

Hamda aliangalia njia ya kushuka, akaangalia moto. "Simwambii mimi. Juma'an ametuona tukipanda, atamwambia, mdomo anao." Akakaa tena, akavua viatu. "Sogea, unanizibia joto."

Salmani alipanda kesho yake, gunia begani, uso ameukunja, na maneno yote ameyapanga tangu bondeni. Alimkuta mama yake juu ya ukuta akipachika jiwe, miguu mitupu, akiimba kitu kisicho na maneno, na Hamda chini akimpokeza mawe.

"Mama, ndiyo nini hivi?"

"Weka gunia kivulini, mwanangu. Umekula?"

Akala. Akaegemea mtini atafute pa kuanzia ugomvi, na kile kitoto cheusi kikaja kutafuna kamba ya kiatu chake. Upepo ukapita kwenye maua. Sabha aliposhuka ukutani kumjibu, Salmani alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, kitoto cha mbuzi kikiwa juu ya tumbo lake.

Sabha alikaa bustanini mpaka tini zilipoiva.