Buti Langu Lililochomoka Mteremkoni

Siku ile naikumbuka kwa unyayo, mwanangu, si kwa kichwa. Kichwa cha mtu wa miaka sabini na kitu kinavuja kama mtumbwi uliosahauliwa juani, lakini unyayo wangu wa kulia haujasahau kitu. Una kovu moja refu la ujana, na nusura mwaka huu upate la pili. Kaa nikueleze, na nikipotea njia unirudishe, maana ulimi wangu unapenda vichochoro.

Mjukuu wangu Asha, binti wa mwanangu wa pili, anafanya kazi ya kutembeza wageni kwenye pikipiki za miguu minne. Kama hujaziona, ni pikipiki iliyonenepa. Ina magurudumu manne mapana yenye meno, kiti unakaa kama umepanda punda, na mafuta huyatii kwa kuzungusha mkono. Unayasukuma kwa kidole gumba. Kidole gumba tu! Mimi kidole hicho maisha yangu yote nimekitumia kwa kumenyea mihogo na kuwekea alama ya wino, maana shule niliiaga darasa la tatu, wala shule haikulia.

Mwaka mzima kazi ya Asha ilikuwa kuziosha hizo pikipiki na kufuata nyuma ya kundi. Hatimaye bosi wake akamwambia, "Jumamosi utaongoza wewe. Mimi nitakuwa nyuma kabisa, nakutazama." Wageni wenyewe wawili tu, wote hawajawahi kupanda. Wakirudi wazima, Asha ni kiongozi. Mmoja akiumia, anarudi kwenye ndoo na sabuni. Basi mmoja wa wale wageni akaamka na homa. Bosi akasema, tafuta mtu mwingine yeyote asiyejua, niione kazi yako. Asha akaja mbio mtaani kwetu Kasingirima, hata chai hajanywa.

"Shikamoo babu. Leo nakuomba unisindikize kazini. Nikikuona wewe nyuma yangu, woga utapungua."

Kabla sijajibu, bibi yake akadakia kutoka jikoni, "Huyo? Huyo hata kitanda kinamwangusha!"

"Ndiyo maana namtaka yeye, bibi. Akiweza babu, nani atashindwa?"

Wakacheka wote wawili. Nami nikaingia kuvaa suruali yangu ya Idi. Mwanangu, moyo ulikuwa unaruka kama dagaa kwenye wavu. Kuishi kwingi ni kuona mengi, na mimi nilikuwa nimeshachoka kuona yale yale.

Pale kwenye kituo chao, nje kidogo ya mji, nilimkuta mgeni mwenzangu: Mama Neema, muuguzi kutoka Tabora, aliyekuja kumtembelea dada yake mtaa wa Buzebazeba. Mama mnene, mcheshi, amevaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Asha akatuvisha helmeti, akanivua katambuga zangu za tairi akanipa mabuti ya mpira. Namba yangu ilinibana kwenye sugu za vidole, nikadai kubwa zaidi. Likumbuke hilo buti kubwa, tutakutana nalo mbele.

Kisha akatufundisha. Breki ziko mkononi. Mafuta kidole. Ukikata kona, egemea upande unaokwenda. "Na hili ndilo kubwa kuliko yote," akasema, "miguu inakaa juu ya vikanyagio muda wote. Chombo hiki hakianguki kama baiskeli, hakihitaji mguu wako. Ukiushusha, gurudumu la nyuma linaukamata kisigino, linakuvuta chini. Kabla ya mteremko nitaiulizia miguu, nanyi mtanijibu iko ndani."

Mama Neema akauliza maswali kumi. Je, kikizima mlimani? Je, nikikuta ng'ombe? Mimi nilitikisa kichwa tu, kama mtu anayesikia hotuba aliyoiandika mwenyewe. Kuuliza si ujinga, wazee walisema, lakini wazee hao hao wakishazeeka hawaulizi. Huo ndio ugonjwa wetu, nakuambia waziwazi.

Tukaondoka. Asha mbele, mimi wa pili, Mama Neema wa tatu, bosi nyuma. Ee mwanangu! Nikusimulieje? Chombo kinanguruma chini yako, na ule mngurumo unapanda mgongoni mpaka kwenye meno, haya machache yaliyobaki. Tulipita katikati ya mihogo na maharage, vumbi jekundu linafumuka, watoto wanapiga makelele, akina mama wanasimamisha majembe. Mmoja akapaza sauti, "Mzee, unakwenda wapi na hilo joka?" Nami nikamjibu, "Lenyewe ndilo linalojua!" Tukavuka kijito, maji yakaruka mpaka kifuani, nikapiga kelele ambayo sijaipiga tangu siku ya ndoa yangu. Nyuma namsikia Mama Neema, "Yesu wangu! Yesu wangu! Tena! Tena!"

Tulishika njia ya zamani inayokwenda Kalinzi. Njia hiyo naijua. Hatukufika Kalinzi yenyewe. Tulipofika juu ya kilima Asha akasimama. Huko chini ziwa lote limelala, la bluu, na milima ya Kongo ng'ambo kama watu waliojifunika blanketi. Mbele yetu mteremko mrefu, mwekundu, unashuka mpaka ufukweni.

Asha akageuka juu ya kiti chake akauliza kwa sauti, "Miguu?"

"Ndani!" akajibu Mama Neema, huku ameinama kuitazama miguu yake.

"Babu, miguu?"

Nikacheka. "Ndani, ndani! Asha, mimi nimeteremka milima hii kabla baba yako hajazaliwa!"

Hapa ngoja nikuingize kwenye kichochoro, maana bila hicho hutaelewa. Ule utaratibu wa kuuliza kabla ya mteremko haukutoka kwa bosi wake. Aliupata kwangu, kwenye hadithi nilizomsimulia alipokuwa mdogo. Mama yangu alikuwa mtu wa huko Kalinzi, na nilipokuwa kijana wa miaka ishirini nilibeba ndizi za wajomba kwa baiskeli, kuzileta soko la Ujiji. Tulishuka kwa msururu, watu sita au saba, mikungu imefungwa kwenye keria mpaka huoni mgongo wa mwenzako. Mbele anakwenda Mzee Nyabenda, mtu mfupi, mkavu, mwenye sauti ya kengele. Juu ya mteremko anatusimamisha wote, anamwuliza kila mtu kwa jina, "Breki?" Nawe unajibu, "Ipo." Asiyekuwa nayo hapandi, anashuka kwa miguu, anaishika baiskeli kwa mkono, wala hachekwi.

Mimi breki zangu zilikuwa zimekwisha mpira. Nilikuwa nasimamisha kwa mguu: naunyoosha wa kulia nyuma, naikandamiza katambuga kwenye tairi la nyuma mpaka inatoa moshi. Vijana wote wa njia ile tuliujua ujanja huo, na tuliuonea fahari. Siku hiyo Mzee Nyabenda akauliza, "Breki?" Nikajibu, "Ipo! Na mteremko huu mimi siuogopi!"

Tukashuka. Yeye anaimba, "Buhoro! Buhoro!", ndiyo polepole hiyo kwa Kiha. Katikati ya mteremko katambuga ikakatika. Nikakandamiza kwa unyayo mtupu. Sitakueleza sana. Nilikwenda kichakani, mikungu mitatu ikasambaa, na ngozi ya unyayo ikabaki kwenye tairi. Wenzangu wakaziokota ndizi zangu, wakagawana mizigo. Mzee Nyabenda akanifunga jeraha kwa kitambaa cha kichwa chake, akanitazama, akasema, "Nilikuuliza breki. Sikukuuliza ushujaa." Basi. Angenipiga ningepona mapema zaidi.

Haya, nirudishe juani, juu ya kilima, na Asha.

Tukaanza kushuka. Mwanzo vizuri kabisa, upepo wa ziwa unapiga usoni, helmeti inalia fuuu. Utamu ukanizidi. Kidole gumba kikasukuma kidogo. Kikasukuma tena. Chombo kikakimbia, mgongo wa Asha ukanijia haraka, na mimi, mwanangu, sikufikiri mkono wala breki. Mwili wangu ulikumbuka Kalinzi. Mguu wa kulia ukajinyoosha wenyewe nyuma, kulitafuta tairi.

Tairi likaupata kwanza.

Nilisikia kisigino kinashikwa kama na mdomo wa mbwa. Nikavuta kwa nguvu zangu zote, na lile buti kubwa, Mungu alibariki ubishi wangu, likachomoka. Mguu ukarudi mtupu. Chombo kikapanda juu ya buti, kikayumba, na hapo vidole vyangu vikakumbuka breki. Nikasimama, soksi imetoboka na kidole kikubwa kinanichungulia.

Asha alikuwa ameniona kwenye kioo chake. Akazima, akaja mbio, akaushika mguu wangu, akauminya kila mahali. Mzima. Nikatazama nyuma. Mama Neema na bosi walikuwa bado hawajaikata kona. Nikamnong'oneza, "Haraka, nipe hilo buti nilivae. Tutasema lilichomoka lenyewe."

Akaliokota. Lilikuwa limelala bapa kama ngozi ya mbuzi, lina alama za meno ya tairi kutoka kisigino mpaka kidoleni. Akalishika tu, hakunipa. Akasimama nalo katikati ya njia mpaka bosi akafika.

"Babu ameshusha mguu," akamwambia. "Kosa lake, na langu. Mama huyu nilipomwuliza aliitazama miguu yake. Babu alipiga kelele tu, nami nikaridhika na kelele kwa sababu ni babu."

Bosi akalitazama buti. Akamtazama Asha. "Sasa unafanya nini?"

Mwanangu, wewe unajua kwetu mtoto hamkemei mzee, tena mbele ya watu, tena mbele ya mgeni wa kike kutoka Tabora. Asha akapiga goti kidogo, ile heshima yetu, kisha akanyoosha mgongo.

"Babu, nakuheshimu. Shuka."

Nikabaki nimekaa. Mvi zote za kichwa zilikuwa zinanisukuma niseme neno, na neno nilikuwa nalo tayari: mimi ndiye niliyemlea baba yako. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Nilikuuliza miguu, babu," akasema. "Sikukuuliza umri."

Mdomo ukajifunga. Nilimwona Mzee Nyabenda, mfupi, mkavu, amesimama pale njiani ndani ya mabuti ya mjukuu wangu. Miaka hamsini amenifuata! Nikashuka. Kisha kicheko kikanijia, kikubwa, mpaka nikashika usukani nisianguke, na Mama Neema naye akaanza, "Mzee, umepatikana leo! Umepatikana!"

Kulikuwa na sehemu tambarare kando ya njia. Asha akanivalisha buti lake la kulia, likanibana sugu zote, yeye akavaa lile bapa baada ya kulinyoosha, akanisimamisha na kuniondoa mara kumi. Nenda, simama kwa mkono. Nenda, simama kwa mkono. Mara ya nne mguu ukataka kutoka. Akanipiga kofi gotini. Mara ya kumi ukatulia kama mwanafunzi aliyekubali. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mwanangu, na siku hiyo mkuu alikuwa na miaka ishirini na mitatu.

Ndipo tukashuka. Kila kona Asha anapaza sauti, "Miguu?" Mimi nainama naitazama, ndipo nalia, "Ndani!" Mama Neema, "Ndani!" Watu waliokuwa wanavuna maharage wakaudaka mchezo, nao wakawa wanaitika kutoka mashambani, "Ndaaani!" Mteremko wote ukawa kama ngoma. Ziwa linakua, linakua, mpaka likajaa machoni, na mara tuko kwenye mchanga, watu wanaanika dagaa, nami nimeinua mikono yote miwili kama mtu aliyefunga goli. Chombo nilikuwa nimeshakizima, usiogope.

Bosi akashuka, akajipangusa vumbi taratibu. Asha anamtazama, buti lake limepinda.

"Jumamosi ijayo una watu sita," akamwambia. Kisha akaongeza, "Na babu usimlete."

Asha alipofika nyumbani alimkumbatia bibi yake akalia. Mimi nililitundika lile buti bapa ukutani, juu ya kitanda. Bibi hulitazama kila asubuhi, anasema, "Angalau kitanda hakijakunyang'anya kiatu."

Basi, mwanangu, nasaha yangu haina urefu. Anayeijua njia akikuuliza jambo, jibu lile lile alilouliza, na kabla ya kujibu tazama. Usimjibu kwa ushujaa kama una miaka ishirini, wala kwa umri kama una sabini. Kipya kikija mikononi mwako, ruhusu uwe mgeni wake. Mazoea yana taabu, na mwili hukumbuka hata yale yasiyofaa tena. Na siku utakapokuwa wewe wa mbele, ukawa na babu yako nyuma, mwulize naye. Akipiga kelele tu, usiridhike na kelele. Heshima haikuzuii kumshusha. Huenda ndiyo inayokuagiza.

Nenda sasa. Mola akupe miteremko ya kukufurahisha na breki za kukusimamisha, akuweke nyuma ya waongozaji wasiokuonea haya, akufikishe ufukweni na viatu vyako vyote viwili. Amin.