Mishale ya udongo mwekundu

Rafiki yangu, wiki iliyopita nilirudi ku masomo yetu ya zamani, ile shule ya Saio, kutafuta kopi ya bulletin, karatasi ya points za mwaka. Université inaiomba, na yangu nilishaipoteza. Secrétaire akaniambia ningoje kidogo. Weye unajua kidogo ya pale. Nilingoja mpaka miguu ikachoka, na mi kungoja sipendake, nikatoka kuzunguka nyuma ya bureau. Chini ya paa ya jikoni nikaona gunia ya muchele, nyeupe, imejaa majani makavu, imeanguka upande. Kuku ilikuwa imelalia mayai ndani. Juu ya gunia mizunguko tano ya makala ilikuwa bado inaonekana, kubwa, ndogo, ndogo zaidi, mpaka katikati. Na katikati pale, alama za udongo mwekundu. Miaka yote hii haikuzitosha, haikuzifuta.

Nilisimama kama mujinga. Acha nikuambie, juu sijamuambiaka mutu.

Mwaka ule tulikuwa mu troisième, kalasi ya tatu ya secondaire. Nilikuwa naikala na koko, mama ya baba yangu. Asubuhi nilikuwa nachota maji bidon mbili, nafagia kiwanja, kisha koko ananipa beignet mbili za moto, mandazi ya mviringo, amezifunga mu karatasi ya cahier. Mafuta ilikuwa inapita mpaka unaweza kusoma maandiko ya upande ingine. Moja nilikuwa nakula mu njia. Ya pili nilikuwa nagawa na mwenzangu wa banc, benchi yetu mu kalasi.

Mwenzangu huyu, musichana kama mi, alikuja katikati ya mwaka, toka site ya batu balikimbia vita, kule banalala chini ya bâche, zile turubai za plastiki. Basi kalasi ikamupa jina: Bâche. Mutu asikudanganye eti batoto bako na roho nzuri. Asubuhi ya mvua bavulana balikuwa banamungoja ku mulango.

"Bâche, usiku ulilala ama uliogelea?"

"Muache, angalia, ata kichwa yake inavuja."

Kila mutu anacheka. Mi pia nilikuwa nacheka, mudomo yangu ikiwa bado na ile beignet nimetoka kumukatia nusu. Yeye alikuwa anainama tu ku cahier, anapiga mustari na règle, sawa sawa, kama hakusikia.

Mbele ya hapo gym ilikuwa kukimbia tu, kuzunguka kiwanja mu vumbi, na basichana tulikuwa tunasema kila wiki tuko na maumivu ya tumbo. Kisha prof ya gym, kijana murefu na sifle, filimbi yake, ku shingo, alitoka ku formation Kisangani. Siku moja akaingia na bambou begani, akasema kuanzia leo tutajifunza tir à l'arc, kupiga mushale ku cible, ku shabaha, gisi banafanya mu stade za dunia. Kwetu Ituri mushale haiko mambo ya stade, iliua batu mu vita, na hakuna nyumba mule haikujulikana. Mumoja wa nyuma akauliza: "Prof, na tutapiga nani?" Hapo njo tukacheka, na prof akamupigisha magoti.

Préfet, mukubwa wa masomo, alikubali, lakini akasema hataki kuona chuma. Basi mishale yetu ilikuwa matete. Ku ncha tulikuwa tunafunga bitambaa bya zamani mpaka inakuwa kama ngumi ya mutoto, kisha tunatumbukiza mu ndoo ya udongo mwekundu na maji. Mushale inapiga gunia, ile ya mizunguko ya makala, inaanguka, inaacha alama. Kamba ya upinde ilikuwa nylon ya bavuvi, ilitoka Kasenyi, na ilikuwa inanuka samaki. Ukivuta mpaka ku shavu, harufu inabaki ku uso mpaka jioni. Mi niliipenda. Nilipenda ile sauti ndogo ya kamba, kisha kimya, kisha pu, ku gunia.

Siku moja nilileta upinde nyumbani nijifunze nyuma ya choo. Koko alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Aliweka mutwangio chini, akanitosha upinde mukononi na bidole mbili, gisi banabeba panya ya kufa, akautupa inje mu mvua.

"Hii ikiingia mu nyumba yangu, mi natoka," akasema.

"Koko, ni gym. Haina ata chuma."

"Nimesikia." Akarudilia sombe yake. Jioni ile mi nilikula peke yangu.

Sasa sikia gisi tulikuwa tunafanya. Juu mishale inaanguka chini, mutu mumoja anapashwa kusimama kando ya gunia. Ukisha kupiga, prof anapiga sifle, yule anaangalia alama, anasema points kwa sauti, toka zéro mpaka dix, ni kusema kumi, ya katikati kabisa, anaokota mushale, anarudi kando. Mbele ya sifle ya pili hakuna mutu anavuta kamba. Siku ya kwanza mwenzangu alikataa kushika upinde. Prof akamuambia, basi weye utaokota. Akaokota miezi mbili. "Six." "Huit." "Zéro." Sauti moja tu, kwa batu bote. Bale balikuwa banamuita Bâche, wakipata huit, alikuwa anasema huit. Mi nilikuwa namukonyeza aniongezee moja, na yeye ananiangalia, anasema ile iko. Hakukosaka point ata siku moja.

Na mi points nilikuwa nazitaka. Prof alisema mbele ya vacances, likizo kubwa, atachagua musichana mumoja na muvulana mumoja, baende stade mbele ya masomo yote ya muji, na maillot nyeupe, jezi ya muchezo. Zile maillot zilikuwa zinaningʼinia mu bureau yake, nilikuwa naziona ku dirisha. Uelewe kitu moja: mi sijakuwaka wa kwanza ku kitu yoyote. Nilikuwa dix-septième, dix-neuvième, wa kumi na saba, wa kumi na tisa, mutu wa katikati, prof anasahau jina yako. Ku mushale tu njo basichana bengine walikuwa nyuma yangu. Nilikuwa nimeshaanza kufikiri gisi nitavaa ile maillot ku njia ya Saio, polepole, ili majirani baone.

Wiki ya kuchagua, prof akasema kila mutu apige mishale tano, anayekataa anapata zéro mu bulletin. Akaangalia mwenzangu. "Weye pia."

Alikuja. Bavulana bakaanza, "Bâche, gunia iko mbele, haiko mbinguni." Hakusimama gisi prof alitufundisha. Alipinda goti kidogo, akavuta haraka, akaachilia mbele ya kamba kufika ku shavu. Katikati. Ingine. Katikati. Tano zote. Mutu aliyewekwa kuokota alisahau kusema points.

Prof akauliza, "Nani alikufundisha?"

"Hakuna mutu, prof."

Lakini ku récréation, saa ya kupumzika, nyuma ya kalasi, akiwa na nusu ya beignet yangu mukononi, akaniambia. Baba yake. Mu shamba yao ya mahindi kanga zilikuwa zinakuja kuchokora mbegu, na baba alimukatia upinde mudogo akiwa na miaka sita. Asubuhi balikuwa banalala bote wawili mu majani, tumbo chini, banangoja. Kanga ya kwanza alipiga, baba alimubeba begani mpaka nyumbani. Kisha vita ikafika kwao na baba akafa. Aliniambia yote ile bila kulia, anaangalia beignet.

"Usimuambie mutu. Unajua gisi bataigeuza."

Nikamuambia, "Mi ni wako."

Kesho yake karatasi ikawekwa ku mulango ya bureau. Musichana: jina yake. Chini, mu mabano, remplaçante, wa kushika fasi yake asipoenda: jina yangu.

Sitakuzungusha. Ku récréation bavulana walikuwa banaulizana wapi Bâche alijifunza kupiga vile. Mi nilikuwa naikala ku jiwe, hakuna mutu aliniuliza. Nikasema, "Baba yake njo alimufundisha. Alikuwa na upinde kule mu pori. Munafikiri alikuwa anapiga nini, kuku?"

Sentensi tatu tu. Nilijua ni kanga. Nilisema nikijua.

Mbele ya kengele ilikuwa imeshazunguka kiwanja, na kila mutu aliongeza yake, eti baba yake alikuwa anaua batu. Kesho yake banki yetu ilikuwa na mutu mumoja, juu mi pia nilihama, eti sioni vizuri ubao. Bamama walifika ku portail, mulango kubwa ya inje, na bitambaa begani. Mumoja alikuwa anasema polepole, hakulalamika ata, "Mi nilizika mume. Sasa mutoto wangu anakaa na mutoto ya banani?" Préfet akaita prof mu bureau. Ilikuwa saa ya gym. Prof akatuachia sifle yake ku musumari, akasema tungoje.

Mwenzangu alikuwa kando ya gunia. Hakuna mutu alimutuma. Ni fasi yake tu alikuwa ameizoea. Mushale moja ilikuwa imebaki chini, akageuka kuiokota, mugongo kwetu, chemise nyeupe ya uniforme.

Wa kwanza kupiga sijue ni nani. Pu. Alama nyekundu ku bega. Tukasikia kicheko kidogo, na mutu akasema, "Bâche imetoboka." Kisha ya pili, ya tatu. Kitambaa na udongo haiue mutu, inauma kidogo tu, kama ngumi. Yeye hakukimbia. Hakulia. Aliinuka pole, mugongo bado kwetu, kama mutu anangoja mvua ipite.

Upinde tano tulikuwa tunagawa kalasi nzima, na moja ikafika mukononi mwangu. Hakuna mutu alinilazimisha. Nilivuta mpaka ku shavu, nikasikia ile harufu ya samaki, nikapumua gisi prof alitufundisha. Sijapigaka vizuri vile maisha yangu yote. Ilimukamata katikati ya mugongo, ku mufupa kabisa.

Hapo njo akageuka. Aliangalia batu bote, kisha akaangalia upinde yangu iliyokuwa bado inatetemeka kamba, kisha mi.

"Dix," akasema. Sauti ileile.

Kisha akaokota mishale yote, moja moja, akaipanga mu ndoo ncha chini, gisi prof anataka. Akachukua mufuko wake, akapita katikati ya bamama ku portail na ule mugongo. Bamama wakapanua njia. Wakaona ile chemise, na mumoja akaweka mukono ku mudomo.

Nyumbani koko aliona bidole byangu byekundu. Alichukua bidon, akanimiminia maji ku mikono, akamimina, akamimina, mpaka bidon ikaisha, na udongo ilikuwa imeshatoka zamani. Kisha akanipa bidon ya tupu niende kuchota tena.

Mwenzangu hakurudi. Préfet akafunga tir à l'arc wiki ile, mupishi wa masomo akapikisha maharagi na bambou zetu. Maillot sikuvaa. Stade hakuna mutu alienda. Mwaka ulifuata nilienda mpaka ku site kumuuliza, nikiwa na beignet mbili mu karatasi, lakini bâche zote walikuwa bameshazitosha, imebaki tu mifereji balichimba ya kupitisha mvua. Mwanamuke aliyekuwa analima pale alisema batu balihamishwa, bengine Irumu, bengine hakujua. Beignet nilimuachia yeye.

Koko naye amekufa. Prof alipata kazi ingine. Secrétaire alipoita jina yangu, nilichukua bulletin, nikapita kando ya kiwanja. Batoto walikuwa banakimbia kuzunguka, kama zamani, basichana wameshika tumbo. Kando ya ukuta hakuna mutu anasimama kuangalia alama na kusema ile iko.

Miaka yote hii najaribu kujiambia alisema ile dix kwa kunichokoza, ama kwa hasira. Lakini nilikaa naye banki moja. Aliangalia, akahesabu, akasema. Na mi nilishakuambia, hakukosaka point ata siku moja.